Ishirini na moja, ishirini, kumi na tisa na nusu: kwa nini daktari anarudia kupima mzizi wa jino

*"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa mwisho ana miezi saba na bado ananyonya. Nimezaliwa Maji ya Chai, nimeolewa Moshi, tunakaa Pasua. Gego langu la chini kulia lilinisumbua usiku kwa wiki tatu, nikaenda kwa daktari wa meno Arusha kwa kuwa dada yangu anaishi huko. Daktari akasema nisiling'oe, atatibu mzizi. Nilikaa kwenye kiti kwa muda wa saa mbili nzima. Aliniingizia visindano vyembamba, akaning'iniza kindoano mdomoni, mashine ikawa inalia pii pii, akapiga eksirei, akakipima kisindano kwenye rula, kisha akarudia tena. Nilimsikia akimtajia msaidizi wake 'ishirini na moja', baadaye 'ishirini', mwisho 'kumi na tisa na nusu'. Akaweka dawa, akaziba kwa muda, akaniambia nirudi Alhamisi ijayo. Leo ni siku ya pili na nikiling'ata jino linauma. Jirani yangu anasema daktari alikuwa anabahatisha, kisindano kimetoboa mpaka kwenye mfupa, na jino lililotolewa mshipa ni maiti mdomoni, litanijaza sumu. Anasema pia meno yetu ya kahawia ya Meru hayavumilii matibabu hayo. Amenipa vidonge vya rangi mbili ninywe, halafu nikaling'oe. Je, daktari alikuwa hajui anachofanya? Zile eksirei hazimdhuru mtoto? Niende Alhamisi au niling'oe tu?"*

Marahaba mama, na pole kwa maumivu. Umeeleza vizuri sana, na zile namba tatu ulizozishika kichwani ndizo zilizonisaidia zaidi kuelewa kilichokuwa kikifanyika pale kwenye kiti. Nakujibu kwanza, maelezo yatafuata: nenda Alhamisi. Namba kushuka kutoka 21 hadi 19 na nusu hakunipi shaka yoyote juu ya daktari wako. Ningepata shaka kama angepima mara moja tu, akaandika namba moja, akaendelea na kazi.

Natibu meno hapa Arusha, na hofu kama yako huwa naisikia ikiwa imechelewa, kwa mtu ambaye ameshang'oa jino ambalo lingemtumikia miaka mingi. Ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Tuanze na hilo neno "mshipa". Jino si jiwe. Nje kuna enameli, lile ganda gumu, ndani yake dentini, ukuta wa jino lenyewe, na katikati kabisa kuna nyama laini tunayoiita kiini: mishipa midogo ya damu, neva, na chembe hai zinazolijenga jino. Juu, kiini kinakaa kwenye chumba kidogo. Kutoka hapo kinashuka kwenye mizizi kwa kupitia mifereji myembamba kama uzi, na kinatokea kwenye tundu dogo karibu na ncha ya mzizi, ambako kinaungana na damu na neva za taya. Gego la chini la kwanza huwa na mizizi miwili, na mifereji yake mara nyingi ni mitatu: miwili kwenye mzizi wa mbele, mmoja kwenye mzizi wa nyuma. Si ajabu kukuta minne.

Jino linapotoboka, vijidudu vinashuka mpaka kwenye kiini na kiini kinavimba. Kidole kikivimba, ngozi inanyumbulika. Kiini hakina pa kutanukia, kimezungukwa na kuta ngumu kila upande. Shinikizo linapanda, na ukilala kichwa kikawa sawa na moyo linapanda zaidi. Ndizo zile wiki tatu zako za kukosa usingizi. Mwishowe damu haiingii tena, kiini kinakufa, na vijidudu vinabaki humo ndani kwa raha kabisa, kwa sababu askari wa mwili husafiri kwa damu na damu haifiki tena.

Hapo ndipo ilipo sumu ambayo jirani yako anaiogopa. Ana haki ya kuiogopa, ila ameitafuta mahali pasipo pake. Mwaka 1965, watafiti watatu huko Marekani walitoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini, wakayaacha wazi. Panya wa kawaida walipata usaha na viini vyao vikafa. Panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja, wakila chakula kilekile na mabaki yakijazana kwenye matundu yaleyale, viini vyao vilipona na kuanza kujijengea dentini mpya. Ugonjwa unaletwa na vijidudu. Jino lililosafishwa vikaachwa vichache visivyoweza kudhuru, kisha likazibwa vizuri, halitengenezi sumu. Jino linalooza pole pole huku mtu akilituliza kwa karafuu na vidonge ndilo linalojaza usaha kwenye taya.

Wala si maiti. Mzizi wa jino haujagandishwa kwenye mfupa. Umeshikiliwa na nyuzi nyingi ndogo zilizo hai, zenye damu na neva zao wenyewe kutoka kwenye taya. Nyuzi hizo hazitolewi wakati wa kutibu mzizi. Ndizo zinazokuwezesha kujua umeng'ata kokoto kwenye wali, na ndizo zinazokuuma sasa. Nitarudi kwenye hilo.

Sasa tuje kwenye kupima, maana ndiko kilipo kiini cha swali lako.

Daktari anayetibu mzizi anafanya kazi gizani, kwa vidole, ndani ya mfereji asiouona. Lazima ajue aishie wapi. Mtu angedhani anaishia kwenye ncha ya mzizi, lakini mfereji hauko hivyo. Unapokaribia mwisho unabanana, unakuwa mwembamba kuliko mahali pengine popote, halafu unafunguka tena kidogo kama mdomo wa tarumbeta na kutokea nje. Na mara nyingi hautokei kwenye ncha yenyewe, unatokea ubavuni. Mwaka 1955, Kuttler wa Meksiko alichunguza ncha za mizizi mingi kwa hadubini, akaona kwamba kutoka mahali pale pembamba hadi tundu la nje ni kama nusu milimita kwa vijana, na inaongezeka kidogo kwa watu wazima zaidi. Pale pembamba ndipo tunapotaka kuishia. Umbali kutoka sehemu fulani ya juu ya jino, tuseme kilele kimoja cha gego, hadi pale pembamba, tunauita urefu wa kazi. Kile kipande kidogo cha mpira ulichokiona kwenye kila kisindano ni alama ya urefu huo. Kinagusa kilele cha jino, daktari anajua amefika, hasogei mbele.

Akiishia mapema, milimita mbili au tatu kabla, anaacha nyuma nyama iliyokufa na vijidudu, hasa mahali ambapo vinaweza kupenya hadi kwenye mfupa. Jino linatulia miezi kadhaa, kisha linaanza upya. Akipitiliza, anasukuma uchafu nje kwenye mfupa, anaharibu ule wembamba ambao ungeizuia dawa ya kuzibia isitoke, na anawasha nyuzi zinazolishikilia jino. Kwa magego ya chini kuna jambo lingine la kuheshimu: ndani ya taya, chini ya mizizi, inapita neva inayoupa mdomo wa chini na kidevu hisia zake. Ndiyo maana milimita moja, ambayo kwenye rula ya mwanafunzi si kitu, kwetu ni tofauti kati ya jino lililopona na jino lililorudi.

Kwa hiyo, zile namba tatu. Sikuwepo, lakini mwendo wake naufahamu. Kabla ya kuanza, daktari anatazama eksirei ya kwanza na kukadiria. Gego la chini huwa na urefu wa milimita 21 hivi kutoka juu hadi ncha. Hilo ni kadirio tu, kwa sababu eksirei ni kivuli, na kivuli hurefuka au kufupika kutegemea mwanga umepiga kwa pembe gani. Kisha anaingiza kisindano chembamba, anaunganisha mashine, inampa 20. Halafu anaipanua sehemu ya juu ya mfereji, anapima tena, anapata 19 na nusu.

Kwa nini ifupike wakati jino ni lilelile? Fikiria njia ya miguu inayopindapinda kwenye shamba la migomba huko Kibosho. Ukikata zile kona za juu, njia inanyooka. Mwanzo ni palepale, mwisho ni palepale, lakini hatua zimepungua. Mzizi wa mbele wa gego la chini umepinda, na mlango wa mfereji una ukingo wa dentini unaokilazimisha kisindano kijipinde tangu mwanzo. Ukingo ukiondolewa, kisindano kinashuka kwa njia iliyonyooka zaidi, na urefu unapungua kwa sehemu ya milimita. Daktari asiyerudia kupima baada ya kupanua juu ataendelea kutumia urefu wa zamani, na hapo ndipo atakapotoboa kupita mwisho. Kile jirani yako alichokiita kubahatisha ndicho kilichokulinda na jambo lenyewe analolihofia. Inawezekana pia kwamba mbili kati ya namba ulizozisikia zilikuwa za mifereji tofauti, kwa sababu kila mfereji una urefu wake na unapimwa peke yake.

Ile mashine ya pii pii inastahili maneno machache, kwa kuwa wagonjwa wengi wanadhani inapima maumivu. Inapima umeme, kidogo mno kiasi kwamba huwezi kuuhisi. Kile kindoano mdomoni ni upande mmoja wa waya, kisindano ndani ya jino ni upande wa pili. Dentini haipitishi umeme vizuri, nyama yenye unyevu inapitisha. Kadiri ncha ya kisindano inavyoukaribia mwisho wa mfereji ndivyo ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, unavyoshuka, na inapozigusa zile nyuzi hai za nje, mashine inajua. Mwaka 1962, Sunada wa Japani, akijengea juu ya kazi ambayo Suzuki alianza kwa mbwa miaka 20 kabla, alionyesha kwamba ukinzani kati ya nyuzi hizo na ngozi laini ya mdomo ni karibu ule ule kwa mtu yeyote, umri wowote, jino lolote: kilo-omu 6.5 hivi. Mashine za kwanza zilidanganywa na majimaji ndani ya mfereji. Za leo zinatumia mikondo ya masafa mawili au zaidi na kulinganisha, kwa hiyo zinavumilia unyevu, na nikilazimishwa kuchagua kati ya mashine nzuri na eksirei moja, nitachagua mashine.

Lakini silazimishwi, na daktari wako pia hakujilazimisha. Mashine inakosea kisindano kikigusa ziba la chuma, au mate yakiingia, au mzizi ukiwa na ufa au tundu la pembeni, au mfereji ukiwa umezibwa na vumbi la dentini. Eksirei inakosea kwa njia yake. Miaka yangu ya mwanzo, mahali nilipofanyia kazi hapakuwa na mashine hiyo. Nilimtibu kijana mmoja chonge la juu, na kwenye picha kisindano kilikaa vizuri ajabu, kimeishia ndani ya ncha kabisa. Akarudi na maumivu ambayo hayakueleweka. Tundu la mfereji wake lilikuwa limetokea upande wa shavu, chini ya ncha, mahali ambapo picha ya kutoka mbele haiwezi kuonyesha. Kwenye filamu nilikuwa ndani. Kwenye mwili wa yule kijana nilikuwa nje kwa zaidi ya milimita moja. Alipona, ila ilimgharimu wiki za maumivu ambazo hakustahili. Tangu hapo siamini kipimo kimoja. Nataka mashine na picha zikubaliane, na vidole vyangu vikubaliane na vyote viwili.

Sasa, je, kisindano kimetoboa mpaka kwenye mfupa? Huenda ncha ya kile chembamba kabisa iligusa nje kidogo. Baadhi yetu hufanya hivyo makusudi, kwa kisindano chenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita, ili mfereji usizibwe na vumbi. Mwili hulisahau jambo hilo ndani ya siku chache. Si tobo.

Na vile vyenyewe si sindano, mama, havidungi dawa. Tunaviita faili, na Kiswahili tayari kina jina lake: tupa, kama ile ya fundi chuma, ila ndogo sana. Kila moja ina rangi na namba kwenye mpini. Nyeupe ni 15, njano 20, nyekundu 25, bluu 30. Namba 25 maana yake ncha ina upana wa sehemu 25 kwa 100 za milimita, na kutoka hapo tupa inanenepa taratibu kuelekea juu. Zamani zote zilikuwa za chuma cha pua, ambacho kikifika kwenye kona kinataka kunyooka na kuchimba njia yake chenyewe. Mwaka 1988 watafiti walichonga tupa kutoka kwenye waya wa nikeli na titani uliokuwa ukitumika kupanga meno. Waya huo unapinda na kurudi bila kulazimisha. Leo nyingi zinazungushwa kwa mota. Kwenye mfereji uliopinda bado naanza kwa mkono, kwa tupa ndogo, polepole, na sioni aibu kuchukua nusu saa kwenye mfereji mmoja. Anayeruka namba ili amalize haraka ndiye anayechimba ngazi ukutani mwa mfereji ambayo hakuna tupa itakayoivuka tena, au anayevunja kipande na kukiacha humo.

Umbo tunalolitafuta ni la faneli: juu pana, chini pembamba, na ule wembamba wa asili uachwe kama ulivyo. Faneli hii ina kazi mbili. Ziba la mwisho, ambalo ni utomvu wa mti uitwao gatapecha ukiwa na saruji maalumu, linapata pa kukaa bila kusukumwa nje. Ya pili, kubwa zaidi, ni kupitisha maji ya dawa. Tupa haigusi kuta zote. Mfereji una mashavu, vichochoro na matawi, na sehemu kubwa ya kuta zake hakuna chuma kinachoifikia. Kinachosafisha huko ni hipokloraiti ya sodiamu, jamaa wa ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe lakini iliyoandaliwa kwa kazi hii, ambayo inaua vijidudu na kuyeyusha nyama iliyokufa. Daktari makini anaitumia jino likiwa limevishwa kitambaa cha mpira, ili isiingie kinywani na mate yasiingie kwenye jino. Hata hapa urefu ule unarudi kuwa bwana: sindano ya kuoshea inatakiwa iishie kabla ya mwisho, kwa sababu dawa hiyo ikitoka nje ya mzizi inaunguza, na uso unavimba papo hapo. Kama ingekutokea ungejua ukiwa kwenye kiti. Haikukutokea.

Dawa aliyoiacha ndani mpaka Alhamisi, kwa namna ulivyoeleza, karibu kwa hakika ni hidroksidi ya kalsiamu, jamaa wa chokaa. Inawakosesha raha vijidudu vilivyosalia. Kuiacha wiki moja au mbili ni kawaida, si kwamba kazi ilimshinda.

Maumivu yako ya kung'ata yanatoka kwenye zile nyuzi hai nilizokuambia. Zilikuwa zimeshachokozwa na wiki tatu za ugonjwa, na saa mbili za kusafishwa zimeziongezea. Siku mbili za mwanzo huwa mbaya zaidi, kisha yanapungua ndani ya juma. Paracetamol au ibuprofen, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, vinafaa hata ukiwa unanyonyesha. Kama una vidonda vya tumbo au pumu ya kuchochewa na dawa za maumivu, acha ibuprofen. Tafunia upande mwingine. Mtori siku hizi mbili tatu ni bora kuliko makande, na mahindi ya kuchoma yasubiri kabisa. Ikiwa ziba la muda linagusana mapema na jino la juu, kila ukifunga mdomo unaligonga, na hilo peke yake linatosha kuendeleza maumivu. Huna haja ya kungoja Alhamisi kwa hilo: daktari yeyote wa meno hapo Moshi anaweza kukung'atisha karatasi ya rangi, akaona linapogonga, akalipunguza kwa dakika tano.

Vidonge vya rangi mbili virudishe. Sisemi hivyo kumdharau jirani, amekuhurumia. Lakini vidonge hivyo kwa kawaida huwa ni antibayotiki, dawa ya kuua vijidudu, na antibayotiki husafiri kwa damu. Ndani ya mfereji hakuna damu, kwa hiyo dawa haifiki waliko vijidudu. Tunaitoa pale maambukizi yanapoenea: uvimbe unaosambaa, homa, tezi za shingo kuvimba. Wewe hukutaja hata kimoja.

Kuhusu eksirei na mtoto, tulia kabisa. Picha moja ndogo ya jino ni kiasi cha mionzi ambacho kila mmoja wetu hukipata kwa siku moja hivi kutoka ardhini na angani bila kwenda popote. Mionzi hiyo haikai mwilini na haiingii kwenye maziwa. Mnyonyeshe kama kawaida. Hata mjamzito hupigwa picha hiyo inapohitajika.

Na meno ya kahawia. Hili linanigusa, kwa sababu nimewaona watu wa Maji ya Chai, Ngurdoto na Usa River wakificha vicheko vyao kwa mkono maisha yao yote, na nimewaona waking'olewa meno mazima kwa kuwa tu yalikuwa na rangi. Rangi hiyo inatokana na madini ya floraidi yaliyomo kwenye maji yetu yanayoshuka kutoka miamba ya volkano ya Meru, na magadi tunayopikia nayo yana mchango. Mtoto akinywa maji hayo miaka ambayo meno bado yanajengwa ndani ya taya, enameli inaumbwa na kasoro. Kasoro hiyo iko hasa kwenye enameli. Haigeuzi mifereji, haizuii kupima, haizuii jino kupona. Pale hali inapokuwa kali sana, enameli hukatika kwa urahisi, na hiyo ni sababu nzuri ya kulivika jino lako kofia, yaani ganda gumu la kulifunika, baada ya matibabu. Gego lililotibiwa mzizi limepoteza dentini nyingi, na mengi ninayoyaona yakipotea baadaye yanapotea kwa kupasuka, huku mzizi wenyewe ukiwa umepona vizuri. Muulize daktari kuhusu kofia mapema, na gharama yake, na kama una bima waulize wanalipia nini, ili usishtukizwe mwishoni.

Kung'oa nako nisikufiche: kuna meno ambayo ningekushauri uyang'oe leo. Lenye ufa unaoshuka mpaka kwenye mzizi. Lililooza hadi chini ya fizi, hakuna kuta za kushikilia ziba. Linalotikisika kwa kuwa mfupa umekwisha. Na mtu asiyeweza kabisa kurudi kumalizia, kwa fedha au kwa umbali, ni bora ang'oe kwa uamuzi wake kuliko kuacha jino nusu njia, maana ziba la muda huvuja baada ya wiki chache na kazi yote inaharibika. Lakini ukiling'oa hilo gego, la nyuma yake litaanza kulala mbele, la juu litaanza kushuka, na kuweka jino la bandia linaloshika vizuri kutakugharimu zaidi ya ulichokwisha kulipa. Umeshavuka sehemu ngumu. Kilichobaki Alhamisi kwa kawaida ni kuosha tena, kukausha, kuziba na kupiga picha ya mwisho.

Yapo mambo ambayo hayangoji Alhamisi wala barua kwangu. Shavu au chini ya taya kuvimba. Homa. Mdomo kushindwa kufunguka. Mdomo wa chini au kidevu kubaki na ganzi hadi leo, wakati ganzi ya sindano ilipaswa kwisha siku ileile. Maumivu yanayozidi siku ya tatu na ya nne badala ya kupungua. Kwa lolote kati ya haya usipande gari kuja Arusha. Nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC hapo Moshi, uko karibu nazo. Na ukishindwa kumeza mate au kupumua kwa shida, usiku wa manane au mchana, ni dharura, hata kama ni jino tu.

Ziba la muda likidondoka, piga simu wakutafutie nafasi kabla ya Alhamisi, usijaze pamba wala karafuu humo.

Ukifika, mwombe daktari akuandikie kwenye kadi yako urefu wa kila mfereji na kilele alichopimia. Hatashangaa, na akiwa mtu wa kazi yake atafurahi. Siku ukihama, au jino likisumbua baada ya miaka kumi, namba hizo zitamwokoa daktari mwingine asianzie gizani.